Msusi Aliyefunga Mdomo

Mtaa mzima ulimwita Redio, na si kwa sababu ya kuimba. Alikuwa msusi, tena msusi kweli: mistari yake imenyooka, na ukitoka kwake lazima watu wageuke. Lakini ukikaa kwenye kigoda chake, ndugu yangu, unasukwa na kupashwa habari kwa bei ileile. Nani kagombana na mumewe, nani anajidai ana friji kumbe kabati. Hakuna lililompita.

Umbea ulimponza siku alipowaambia wateja kwamba mchumba wa mdogo wake bado anafuliwa soksi na mama yake. Maneno yakatembea, yakatiwa chumvi, yakamfikia mama wa soksi mwenyewe. Uchumba ukavunjika. Mdogo mtu akanuna, hakukanyaga tena saluni ya dada yake.

Baadaye akapata mchumba mwingine, harusi ikapangwa, naye akamtuma mama yao: "Mwambie dada nataka anisuke yeye. Hakuna mwingine anayekijua kichwa changu. Ila kama bado ni yuleyule, bora niolewe na kilemba kichwani."

Redio akalia, akapenga kamasi, akaamua kubadilika. Na mtu akiamua kubadilika, unajua tena, huanza na majirani. Akabandika tangazo mlangoni: HAPA HATUSENGENYI. Akawahubiria wateja. "Umbea ni sumu! Mtazameni mke wa fundi viatu! Kasengenya weee, mpaka kakosana na wifi yake, yule mwenye meno ya bandia, ambaye naye juzi…" Wateja wakasogeza vigoda karibu. Jamani! Alivyoupiga vita umbea, mtaa ulijua hata yale uliyokuwa haujayajua.

Mama yake akachoka. "Mwanangu, we funga mdomo wako tu. Mtaa utajijua wenyewe."

Akafunga. Lo! Kumbe mdomo ndio uliokuwa ukiendesha mikono. Ulimi ukitulia, vidole vinasahau njia. Mwalimu wa chekechea alitoka pale na mistari iliyopinda kama mapito ya mlevi, na watoto wakamcheka mpaka kengele ikalia.

Siku ya harusi mdogo mtu akaja. "Shikamoo, dada."

"Marahaba." Basi, kimya. Redio kauma meno, jasho linamtiririka. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio, vidole vimegoma kabisa, na simu inaita: bibi harusi yuko wapi?

Mdogo mtu akajiona kwenye kioo, akaruka. "Dada! Unaumwa?"

"Siumwi. Sitaki kusema. Nikisema nitakuharibia tena." Na machozi yakamdondoka juu ya zile nywele.

Mdogo mtu akamtazama kwenye kioo. Hasira aliyokuja nayo ikamwishia palepale. "Haya, basi nitasema mimi. Lakini ni siri. Huyu mume wangu mtarajiwa…"

"Usiniambie!"

"Nakuambia! Lile pande lote la mtu linaogopa panya. Juzi kapita mmoja jikoni kwetu, nikamkuta mwanamume kasimama juu ya meza, kashika mwiko."

"Weee!"

"Haki ya Mungu. Na akaniomba nimwite mama."

Redio akacheka mpaka akashika ukuta, na vidole vikaamka. Vikaruka, vikapinda, vikafunga. Bibi harusi akatoka amependeza, wameshikana mikono na dada yake kama zamani.

Kesho yake saluni ikafurika. Redio akamwaga yote: shangazi aliyeficha nyama kwenye mkoba, wifi aliyelia kwa wivu. Kubadilika gani? Alikuwa Redio yuleyule.

"Na bwana harusi je?" akauliza muuza vitambaa, aliyekuwa akisukwa. "Hana kasoro?"

Redio akafunga mdomo. Vidole vikapotea, vikafunga fundo, na fundo juu ya fundo.

"Hana," akasema. "Hana hata moja."

Mafundo yale ilibidi yakatwe kwa mkasi, na muuza vitambaa alimtukana wiki nzima. Redio akavumilia. Mpaka leo hajamwambia mtu habari ya panya.

Mimi nimejuaje? Kaniambia bibi harusi mwenyewe. Kanisihi sana nisiseme.