Jina Ambalo Mama Hakuweza Kulitamka

Siku ile, mwanangu, bado inanijia kama ukungu wa Mlima Hanang, taratibu, mpaka umenifunika. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga, nami nilikuwa daktari mchanga kuliko mkoa, najifunza kazi katika hospitali ndogo upande wa Katesh. Koti langu lilikuwa jeupe na kichwa changu kigumu.

Watoto wenye kuharisha walikuwa wakitufikia wamekwisha nguvu, macho yamezama. Wakubwa wangu wakaniagiza nitafute namna ya kuboresha huduma. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikumuuliza mtu. Niliandika tangazo, "Mama, leta mtoto mapema", nikalibandika ukutani, nikajipongeza. Akina mama wengi waliotujia kutoka vijiji vya Balangdalalu hawakujua kusoma. Hilo nalo sikuliwaza.

Siku hiyo, saa saba mchana, akaingia mama wa Kibarbaig, wale wafugaji majirani zetu, amembeba mwanawe ambaye hata kulia hawezi. Nikamfokea, "Mama, ulikuwa wapi tangu asubuhi?" Akatazama sakafu. Nilipotafuta mshipa wa kuwekea dripu, kile kimkono kilikuwa baridi, na nakiri, niliogopa.

Mama Paskalina, muuguzi aliyezalisha akina mama kabla sijazaliwa, hakunigombeza mbele ya watu. Alinisubiri nje. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Kesho vua hilo koti. Kaa benchi na wagonjwa tangu alfajiri. Usiseme kitu. Tazama, uandike."

Nikakaa. Asubuhi ile naikumbuka kama ndoto: ukungu dirishani, harufu ya maziwa na moshi kwenye mashuka waliyojitanda, watoto wamelala migongoni. Mama mmoja wa Kibarbaig kutoka bondeni alikuwa wa tatu kufika. Karani akamuuliza jina la mtoto, akataja. La babu yake mzaa baba? Akanyamaza.

"Kaa pembeni. Ukikumbuka, rudi."

Akakaa pembeni. Nikaandika saa. Ukungu ukaondoka, jua likapanda, watu wakapita mbele yake, naye yupo pale pale na mtoto wake.

Mwanangu, moyo uliniuma. Hakuwa amesahau. Mke wa Kibarbaig hatamki jina la baba mkwe wake. Ndiyo heshima yao. Nami mtu wa kijijini Tumati, niliyekua jirani nao, nililijua hilo tangu nikichunga ng'ombe. Shule ilinijaza mengi, nikasahau nililokuwa nalo. Nikanyanyuka, nikampeleka mimi mwenyewe chumba cha daktari, benchi au si benchi. Na yule mama wa jana, Mama Paskalina aliniambia, alikuwa amefika hata kabla ya karani, akawekwa pembeni vivyo hivyo.

Tulibadili kitu kimoja tu: mtoto aonwe kwanza, jina la babu litatajwa baadaye, hata na jirani. Kwa wiki kadhaa tuliandika saa ya kufika na saa ya kuonwa, tujue kama kweli inasaidia au tunajidanganya. Ilisaidia. Tangazo langu nililibandua kwa mkono wangu.

Yule mtoto niliyemwekea dripu alipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Siku ya kuondoka nilimwomba mama yake msamaha. Alimfunga mtoto mgongoni, kisha akauliza kwa upole, "Wewe, daktari, mama yako hakuwa na baba mkwe?"

Mama yangu naye hakupata kulitamka jina la babu yangu.

Basi wewe unayeanza udaktari, nisikilize. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla hujarekebisha kitu, keti pale anapoketi mgonjwa. Pima, badili kidogo, upime tena. Na kabla ya kumlaumu mama aliyechelewa, uliza kwanza ni nani aliyemchelewesha. Huenda ni wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie macho ya kumwona aliyewekwa pembeni, na miguu ya kunyanyuka upesi ukishamwona.