Goti la Kushoto

Siku ya kwanza katika kazi ya ulinzi niliambiwa nikae chini. Nilifika uwanja wa mazoezi wa Nyamiaga, huko Ngara, nikiwa na hamu ya kurusha mateke. Mwalimu wetu, mzee wa Kihangaza aliyefundisha walinzi karate, alinitazama miguu tu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kaa. Anayetazama mikono hupigwa. Wewe tazama nyayo.”

“Mpaka lini?”

“Kwani una basi la kuwahi?”

Walinzi wakacheka. Mimi sikuumbiwa kutulia. Kukaa kuliniwasha mwili mzima. Lakini nilitazama. Niliona kisigino kikizama kabla teke halijatoka. Niliona pia kwamba katika kiba, msimamo wa kukaa kama aliyepanda farasi, goti la Mwalimu la kushoto lilipinda zaidi kuliko la kulia. Nikayachukua yote.

Nilipokwenda Biharamulo kwenye mtihani wa ukufunzi, niliutaka ukufunzi kuliko chakula, maana mkufunzi huhamishwa vituo. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya saruji. Mkufunzi wa Kanda akanizunguka.

“Unaegemea nini?”

“Siegemei kitu, Mwalimu.”

“Umetoka Ngara?”

“Ndiyo.”

“Basi shuka mlimani, bwana!”

Akanisukuma bega kwa kidole, nikaanguka. “Macho unayo,” akasema. “Umeiga mpaka mteremko. Rudi ukatazame alikosimama mwalimu wako.”

Nilirudi Nyamiaga na kutazama ardhi. Uwanja wetu uliinama, na mzee siku zote alisimama kushoto kwake kukiwa juu. Goti lilikuwa linajibu kilima. Katika mtihani uliofuata nilisimama sawasawa, nikaupata ukufunzi.

Nikazunguka: Biharamulo, Ngara mjini, Nyamahanga. Kila nilipozoeleka, niliomba uhamisho. Goti langu la kulia likachakaa, nami nikajifanya silisikii.

Asubuhi moja Nyamahanga niliamuru kata, yaani mfuatano wa mapigo. Mstari mzima ukaanza kuburuta mguu wa kulia.

“Mnachechemea nini?” nikafoka.

Mama mmoja mlinzi akashangaa. “Si ndivyo unavyofanya, Mwalimu? Tumekutazama vizuri sana.”

Nilicheka peke yangu. Kisha nikamwita yule mama, ambaye magoti yake yalikuwa mazima, nikamwonyesha kisigino kinavyozama, nikamwachia nafasi ya mbele. Mwezi huo niliomba kustaafu, nikiwa sijafika hata miaka hamsini.

Vijana, leo mkipita uwanjani mtanikuta pembeni, chini, natazama nyayo. Begi langu la safari liko karibu. Na kukaa bado kunaniwasha.