Kazi Yangu Ilikuwa Kichwa

Nilipotea Wattaya, hapa Muscat, mahali ambapo mtu hapotei. Ilikuwa mchana mweupe. Nilikuwa natoka Al Khuwair kufuatilia karatasi zangu za ukaazi, narudi Darsait kwa mama mdogo, njia niliyoizoea kwa zaidi ya mwaka. Nilipofika kwenye maduka ya magari nikaona sijui nnakwenda wapi. Vibao nilivisoma vyote, Kiarabu na Kiingereza, lakini havikuniambia kitu. Nikaingia kwenye uwanja wa duka moja, nikazima gari.

Muuzaji akatoka akidhani ni mteja. Alinisalimia vizuri, akanifungulia mlango wa gari jipya, nami nikaingia kwa sababu sikuwa na jengine la kufanya. Alinieleza habari za injini na viti, nikawa naitikia. Sijui ilichukua muda gani. Halafu Darsait ikanijia, ngazi za nyumba, mlango wa kijani, mama mdogo. Nikamshukuru yule bwana, nikaondoka. Sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na nilikuwa mshambuliaji wa mpira. Mama yangu na mdogo wake walitoka Unguja zamani. Mdogo akaolewa Muscat, mama akaenda England, na huko ndiko nilikozaliwa mimi. Kiswahili nimekipata jikoni kwa mama. Mpira niliupata nje. Kwa miaka kumi na sita nilichezea vilabu saba, vyote vya madaraja ya chini, katika miji ambayo hata Waingereza wenyewe huuliza iko upande gani. Sikuwa na mbio wala chenga. Nilikuwa na urefu na shingo. Kocha wangu wa kwanza aliniambia nisihangaike na miguu, kazi ya miguu yangu ni kukifikisha kichwa mahali pake.

Basi kichwa kikafanya kazi. Kipa anapiga mpira mrefu, mimi naruka na beki mgongoni. Krosi inakuja, naruka. Mazoezini walinirushia mipira mmoja baada ya mwengine mpaka paji la uso likawa jekundu, na mvua ikinyesha mpira ulikuwa kama kupigwa na ubao. Mara tatu nilizimia uwanjani. Kila mara walinikalisha, wakaniuliza tuko mji gani, nikijibu narudi kucheza. Nilijisifu kwa hilo. Jioni wenzangu waliponitania kwamba sina akili ya kupoteza, nilicheka kuliko wao.

England iliponichoka, klabu moja ya daraja la pili hapa Muscat ikanitaka. Mama alifurahi kwa sababu nitakaa na mdogo wake, nitakula chakula cha watu. Na kweli nilikula. Mwaka wa kwanza haukuwa mbaya. Nilifunga mabao tisa, manane ya kichwa.

Baada ya siku ile ya Wattaya nikaanza kujichunguza. Nikiamka asubuhi nilitaja vilabu vyangu saba kwa mpangilio. Siku nyengine cha tano hakiji. Nililala pale kitandani jasho likinitoka, na baridi ya kiyoyozi imejaa chumba kizima, mpaka kije. Nilianza kuandika kwenye simu mahali nilipoegesha gari. Wachezaji wenzangu, majina yaliponitoka, niliwaita wote "akhi", ndugu yangu, wakaona ni mapenzi.

Kilichonitisha zaidi ni bibi yangu. Yeye alimalizia maisha nyumba ile ile ya Darsait, chumba kile kile nilichokuwa nalala, na miaka yake ya mwisho hakumjua mtu. Alikuwa akimwamkia mwanawe shikamoo. Lakini bibi alikuwa mtu mzima sana. Mimi nilikuwa bado sijaoa.

Siku moja baada ya chakula nilikuwa namhadithia mama mdogo kisa cha kocha aliyetushindisha njaa safarini. Alikuwa anamenya chungwa. Akakitua kisu.

"Hichi umenihadithia jana, mwanangu," alisema. "Na juzi."

Nikasema labda nimezeeka. Hakucheka. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu lini nini, akarudia swali lile lile mpaka nikaona haya. Ndipo nikamwambia yote, na Wattaya, na vilabu saba.

"Mimi niliona zamani," alisema. "Nikawa nnaogopa peke yangu, na wewe unaogopa peke yako, na tunakula sahani moja."

Kesho yake alinipeleka hospitali, na yeye ndiye aliyeshika orodha ya maswali. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Nilipigwa picha za kichwa, nikapewa maneno matano ya kukumbuka, nikachorewa saa niitie mishale. Nilikumbuka maneno matatu. Daktari alisema picha hazioneshi ugonjwa anaoweza kuutaja, lakini picha hazioneshi kila kitu. Hawezi kuniahidi kwamba itazidi, wala kwamba haitazidi. Aliloweza kusema ni moja, nisipige tena mpira kwa kichwa. Nikamuuliza hata mmoja? Akanitazama kama mtu asiyeamini alichosikia, na mama mdogo akainamisha uso.

Nilitaka kumwambia kocha siku ile ile. Lakini Ijumaa ilikuwa na mechi, tukishinda tunapanda daraja, na mshambuliaji mwengine alikuwa anaumwa nyonga. Nilijiambia nitacheza kwa miguu. Mama mdogo nilimwambia nitakaa benchi tu. Huo ndio uongo unaonichoma mpaka leo, kwa sababu aliniombea dua mlangoni nikaitikia amina.

Nikavaa, nikaingia. Kipindi cha kwanza nilikwepa, nikajifanya naburuta mabeki pembeni. Kipindi cha pili, hatujafungana, winga wetu wa kulia akampita mtu wake akapiga krosi. Nimeota krosi kama ile maisha yangu yote. Ilikuja laini, kimo changu, kipa hayupo, beki kalala chini. Hata kuruka sikuhitaji.

Nikainama. Nilijikunja kama mtu anayerushiwa jiwe, mikono juu ya kichwa, na mpira ukapita juu yangu ukatoka nje.

Nikasikia watu wanacheka, wengine wanatukana. Nahodha alinijia mbio, akaniuliza kwa Kiarabu nna nini. Nikamjibu kwa Kiswahili, naye hakijui, kwamba nnaogopa. Nilikuwa nalia. Nikatoka uwanjani mwenyewe kabla kocha hajanyanyua mkono.

Hatukupanda daraja. Jumapili yake nilimweleza kocha kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ningemwambia kabla asingenichezesha. Nilimwamini, na hilo likanizidishia uzito.

Imepita miaka miwili. Bado nnakaa Darsait. Asubuhi nnafanya kazi chumba cha mazoezi, nnawafundisha wafanyakazi wa wizara moja kunyoosha migongo. Wattaya nnapita kila siku, na kila nikipita nnakamata usukani kwa nguvu. Haijanitokea tena vile. Vitu vidogo vinapotea, majina, funguo, na kila mara nnasimama nijiulize kama huu ni usahaulifu wa watu wote au ni ule mwengine. Daktari nnamwona kila baada ya miezi sita. Safari ya mwisho nilikumbuka maneno manne. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa pembeni bila kuulizwa, alikumbuka yote matano, akayataja kwa sauti, na daktari akampongeza.