Nilienda Homa Bay Kumrudisha Mama Chacha

Nilitoka Kehancha kwa sababu moja tu: kumrudisha mke wangu nyumbani. Mama Chacha ni nesi wa miaka mingi, na sasa alikuwa Homa Bay akisomea unesi bingwa wa ugonjwa wa sukari. Mimi niliishia darasa la tano na nina maduka mawili na pikapu, kwa hiyo niliona masomo yake yametosha.

Saa kumi na mbili asubuhi nikawasha gari.

Migori nilishuka kununua ndizi. Mama muuzaji akaniangalia. "Mzee, mbona unatembea kama kiatu ni cha mtu mwingine?"

Nikamwambia mguu wangu umezoea miba tangu utoto, siku hizi hausikii hata moto.

"Basi wewe ni chuma, Jakuria," akasema, jina ambalo Wajaluo hutuita sisi Wakuria.

Nikaondoka nimefurahi. Baada ya Rongo mvua ikanipiga mpaka nilipoliona ziwa.

Homa Bay, saa nne hivi, nilimkuta wodini na mwalimu wake. Hata salamu hakumaliza.

"Baba Chacha, vua kiatu."

"Mbele ya watu?"

Akapiga magoti, akakivuta mwenyewe. Msumari ulikuwa umepita soli ukaingia kwenye unyayo, soksi imelowa damu. Nilikuwa nimeendesha nao tangu nyumbani bila kujua.

"Unaona?" nikasema. "Siumii."

Alikishika kisigino changu kwa mikono miwili, kama kichwa cha mtoto mchanga. "Hiyo ndiyo inaniogopesha." Akamgeukia mwalimu: "Nadhani sukari imeua hisia za mguu. Tukichelewa, utakatwa."

Mwalimu akanipima damu. Sukari ilikuwa juu sana. "Umeona vizuri," akamwambia. "Sasa sisi tutamtibu. Wewe kaa naye."

Akakaa. Nikamuuliza alijuaje kabla sijavua.

"Miaka ishirini nasikia hatua zako zikiingia mlangoni. Leo hazikuwa zako." Kisha akasema polepole, "Ulikuja kunichukua, sivyo?"

"Nilileta ndizi."

Nililala hapo siku tisa. Nilirudi na shemeji yangu, aliyekuja kuniendeshea pikapu, mguu ukiwa mzima, mke wangu akibaki na vitabu vyake.

Siku hizi, kabla ya kufungua duka, natia mkono ndani ya kila kiatu na kupapasa. Kehancha wananicheka. Nawaambia mke wangu anasomea miguu ya watu, na wa kwanza aliouokoa ni huu.