Barre yangu na uzito ya Mama

Leo njo majirani ya kambi bamejua sababu minyi ninajivutaka juu ku barre ya chuma ya mazoezi kila asubui.

Balikuwa banacheka: mwanamuke, unatafuta kuwa soda, askari kama bwana yako?

Leo Mama yangu, mwenye tunaikala naye, akaanguka mu bafu. Magoti ikakatala kusimama.

Bwana yangu, soda mwenye nguvu, akakimbia mpaka ku mulango, halafu akageukia ukuta. Kwetu Baluba, mwanaume hagusake mama-mukwe wake.

"Mushike chini ya makwapa," akaambia ukuta.

"Mwambie anyamaze," Mama akajibu. "Haiko yeye ananibeba."

Nikavuta. Mama akasimama. Nilijuaka siku hii itafika.

Saa hii jirani mwenye alicheka zaidi ananiuliza polepole kama barre inaweza kubeba bantu babili. Mama yake iko munene kupita wangu.