Niliandika Kwamba Hakuumia

Sipendi kusifiwa uaminifu. Wanaonisifu hawajui nilichoandika tulipokuwa kambi ya barabara, tukimwaga kifusi kwenye njia ya kutoka Tarime kwenda Mugumu. Nilikuwa nashika sepetu kama wengine, ila kwa kuwa nilimaliza darasa la saba, wenzangu walinichagua katibu wa kamati ya wafanyakazi. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Tuliambiwa mfanyakazi sasa ana haki zake, na moja ilikuwa hii: ukiumia kazini, katibu anaandika taarifa, afisa kazi anaisoma, na hufukuzwi hivi hivi bila fidia.

Rafiki yangu wa Nyanungu alikuwa mpakuaji. Tulitahiriwa msimu mmoja, yaani sisi ni saro moja, na kwetu Wakurya hilo linapita udugu. Asubuhi moja ndoano ya mlango wa nyuma wa tipa ilifyatuka, mlango ukambana mkono wa kulia. Mifupa tuliisikia. Yeye hatukumsikia. Alivua shati, akaufunga mkono, akabaki amesimama, damu ikimchuruzika hadi kwenye makatambuga.

Nikaja na daftari langu. Nikamuuliza mbele ya watu, na nusu yao walikuwa saro yetu, "Umeumia?"

"Mbu tu ameniuma, mura," akasema.

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaandika: hakuumia.

Na nilijua, jamani. Mkurya yeyote angejua. Kijana akipepesa jicho mbele ya kisu cha ngariba, aibu ile anaibeba mpaka kaburini, yeye na mama yake. Angesema nini pale hadharani? Ilinipasa kumvuta pembeni, au niandike nilichokiona kwa macho yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa najivunia rafiki yangu. Nilikuwa mpumbavu mwenye kalamu.

Hospitali alikwenda siku ya nne, mkono umeshavimba na kunuka. Walimkata vidole vitatu, vilivyobaki vikakakamaa. Miezi miwili baadaye msimamizi akampa barua kwamba hawezi kazi, arudi kwao. Ndipo nikakimbilia kumwita afisa kazi kutoka Musoma. Akaja, mtu mpole, mgeni wa huku kwetu, akasoma taarifa yangu mara mbili.

"Hapa pameandikwa hakuumia," akasema. "Katibu, uliandika wewe?"

"Ni mimi, mzee."

Akamgeukia rafiki yangu. "Ndugu, siku ile uliumia au hukuumia?"

Tulikuwa tumewazunguka. Akatutazama sisi wa saro yake, mmoja mmoja. "Sikuumia," akasema.

Nilitaka kusema anadanganya. Lakini kumbishia mbele ya mgeni kulikuwa sawa na kumvua nguo mbele ya wenzake. Afisa akautazama mkono ule, akafunga faili: bila taarifa wala neno lake mwenyewe, fidia hakuna. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Juu ya anayemsaidia kuyaficha hawakusema kitu, nami hadi leo naumia kwa hilo.

Baada ya mavuno nilikwenda Nyanungu kumwomba msamaha. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilimkuta amekonda, mashavu yameingia ndani. Shamba lake lilikuwa limelimwa nusu tu, na aliyelima ni mkewe peke yake. Mama yule alituletea maji ya kunawa, kisha ugali wa ulezi na maziwa ya mgando. Nikanawa. Mwenzangu hakusogea. Kwetu mtu hali na mgeni kwa mkono wa kushoto, na wa kulia alikuwa ameuficha chini ya blanketi.

"Kula, mura," akasema. "Mimi nimeshiba."

Mkewe akageuza uso, akatoka nje. Nikamega tonge, nikala peke yangu, yeye akinitazama. Msamaha sikuuomba.