Vidonge vya Mahjuba na Kiti cha Zuhur

Asubuhi ya Alhamisi, na ndani ya hamamu mvuke umeshashika dari. Mahjuba amepiga magoti juu ya mawe ya moto, glavu ya kusugulia mkononi. Anasugua mgongo wa mteja toka begani hadi kiunoni, anamwaga kata la maji, kisha anamgonga bega kwa vidole viwili. Maana yake ni moja: geuka.

"Wewe hujakanyaga hapa toka Idi," anamwambia. "Huu si uchafu tena, hili ni shamba. Ningelima humu."

Mteja anacheka hadi anakohoa. Mahjuba anangoja ageukie ukutani, ndipo naye ashike ukingo wa ndoo na kujiinua. Magoti yake hayanyanyuki tena bila kushika kitu, na hapendi watu wamwone.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Zaidi ya nusu ya umri huo umepita humu, katika hamamu moja ya mji mkongwe wa Fez, kwa malipo ya dirhamu hamsini kwa kila mwanamke anayemsugua. Kazi hii ndiyo iliyowakuza wanawe wawili. Baridi yabisi nayo imetoka humu humu, ikaanzia vidoleni, ikateremka magotini, hadi ikafika siku hawezi kukamua kitambaa.

Daktari alimpa vidonge vya kutuliza uvimbe na maumivu. Alimwambia ameze kimoja kwa siku baada ya kula, anywe maji ya kutosha, na baada ya wiki mbili arudi apimwe damu.

"Cha kwanza nilimeza jioni," anasimulia. "Asubuhi nikafunga vifungo vya jalaba langu mwenyewe, bila kumwita mkamwana. Nililia kwa furaha. Sasa nirudi kwa daktari kufanya nini? Aniambie niache?"

Hakurudi. Boksi lilipoisha alimpa mkamwana wake boksi tupu apeleke dukani kwa muuza dawa wa mtaani, wanakojuana kwa majina, na boksi jipya likaja. Wiki mbili zikawa miaka minne. Siku za wateja wengi alimeza viwili, na mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni.

Tena kulikuwa na suala la maji. Wasuguaji waliomfundisha kazi walimkanya kwamba mwili uliopashwa na mvuke ukipewa maji, baridi huingia kwenye mifupa na haitoki. Kwa mtu ambaye mifupa inamuuma tayari, onyo hilo lilikuwa kama sheria. Basi Mahjuba alitokwa jasho toka asubuhi hadi alasiri pasipo kutia tone mdomoni, akajikaza kisabuni, akangoja glasi yake moja ya chai ya nanaa nyumbani. Siku za Ramadhani hata wakati wa daku alikunywa kidogo tu, kwa hofu hiyo hiyo ya baridi.

"Nilikuwa nakimbia maji ili nipone," anasema. "Kumbe ndiyo niliyokuwa nayahitaji. Ujinga gani huu, jamani?"

Kama mambo yangeishia kwake, pengine angeyabeba. Lakini palikuwa na Zuhur.

Zuhur alikuwa mwanamke wa mlangoni. Alikaa kwenye kiti kifupi chenye mto, akipokea pesa na kulinda mafurushi ya nguo za walioingia kuoga. Yeye na Mahjuba walikuwa chanda na pete, wakitupiana maneno toka mlango ukifunguliwa hadi ukifungwa. Majira ya baridi ya mwaka juzi goti la Zuhur lilivimba.

"Shoga, unatembea kama bata mwenye mimba," Mahjuba alimwambia, akitoa karatasi ya vidonge kifuani. "Meza hiki. Kesho utacheza."

"Kikinidhuru je? Mimi mtu wa moyo."

"Mimi kimenidhuru? Nitazame. Meza, acha maringo."

Alijua kwamba Zuhur anatumia dawa za moyo. Hakujua kwamba mojawapo ni ya kuzuia damu isigande, na hakuuliza. Ndani ya hamamu wanawake hupeana kila kitu, sabuni nyeusi, hina, machungwa, na dawa pia. Kumnyima mwenzio kidonge ni uchoyo. Kumhoji anameza nini kingine ni kumpekua.

Zuhur alimeza, na kweli goti lilitulia. Akaomba karatasi nyingine, kisha nyingine. Baada ya muda rangi yake ilianza kufifia. Siku moja alimvuta Mahjuba pembeni akamnong'oneza kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami.

"Si zile zeituni unazozifakamia!" Mahjuba alimjibu, akacheka, akamchemshia majani ya zaatari ya kutuliza tumbo.

 Anatazama viganja vyake vilivyopinda.

"Nilimcheka," anasema. "Angeniambia anatoka damu, ningembeba mgongoni na magoti haya haya hadi hospitali. Lakini damu ya tumboni haitoki ikiwa nyekundu, hutoka nyeusi. Mwenzangu alikuwa ananiambia anakufa, na mimi nachemsha majani."

Siku mbili baadaye Zuhur alianguka pale pale kitini. Hakurudi kutoka hospitali.

Daktari wa zamu, mwanamke kijana, aliuliza mgonjwa alikuwa akimeza nini. Mahjuba alitoa karatasi ya vidonge kifuani akamkabidhi. Daktari hakupaza sauti. Alieleza kwamba dawa hii inaweza kuchubua tumbo, na mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu isigande akichubuka, damu haikomi. Kisha akamtazama yeye.

"Na wewe mama, unaitumia toka lini?"

Walimpima. Figo zake zilikuwa zikifanya kazi chini ya nusu, zimeumizwa na vidonge na kiu ya miaka minne.

"Nilimwambia basi hii ni sumu, ichomeni," Mahjuba anakumbuka. "Akasema hapana, mama, ni dawa nzuri, kuna watu inawasimamisha. Ila wewe ulipewa ya wiki mbili, tena wewe peke yako."

Aliacha vidonge siku ile. Sasa anatumia dawa nyingine nyepesi aliyochaguliwa, ananyoosha vidole kila asubuhi ndani ya maji ya vuguvugu, na anakunywa maji anavyoelekezwa. Akimwona mwanamke anampa mwenzake kidonge, huuliza kutoka alipo, "Unameza nini kingine, wewe?" Wanamtania, wanamwita daktari. Lakini humjibu.

Sharti moja tu la daktari limemshinda, nalo ni kutoka kwenye joto linalomkausha maji mwilini. Kipimo cha mwezi uliopita kilionyesha figo zimeshuka tena. Mwenye hamamu, Bibi Battul, amemwekea kazi ya mlangoni, palipo na upepo, tangu Zuhur azikwe.

"Nikae kwenye kiti kilichobaki wazi kwa sababu yangu?" Mahjuba anasema. "Bora mvuke unimalize."

Kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwambia akae. Ni Widad, binti pekee wa Zuhur, ambaye tangu mazishi huoga hamamu ya mtaa mwingine na akikutana na Mahjuba uchochoroni hubadilisha njia.

Leo, kabla ya adhuhuri, Widad amesimama mlangoni na furushi lake. Bibi Battul ndiye aliyemwendea nyumbani kumwomba aje. Mahjuba anatoka na kitambaa kinachotiririka maji, anamwona, anashika ukuta.

"Nasikia unakataa kiti," Widad anasema.

"Si changu, mwanangu."

"Si chako kweli. Ni cha mama. Na mama aliuawa na vidonge vyako."

"Ndiyo."

Wanawake waliokuwa wakivaa wanaacha kuvaa.

"Sijakusamehe, mama mdogo. Nimejaribu, nimeshindwa."

"Najua, binti yangu."

"Lakini ukifa humo ndani, mimi nitabaki na nani wa kumkasirikia?" Machozi yanamtoka, anayafuta kwa ukingo wa ushungi, kwa hasira. "Kaa. Nishikie nguo zangu."

Anamtupia furushi mikononi na kuingia kwenye mvuke bila kugeuka.

Mahjuba anabaki ameshika furushi. Kisha anateremka polepole, mkono mmoja ukutani, hadi anakaa. Analia bila kujificha, na mwanamke mmoja anamletea kikombe cha maji.

Jumamosi ataanza kazi ya mlangoni rasmi. Anasema msamaha hautegemei, wala hatauomba. Anachotumaini ni kwamba Alhamisi ijayo Widad atakuja tena, na atampa nguo zake azishike.